Kiungo cha Kweli, Ukurasa wa Tapeli: Kasoro ya Tovuti Inayowahusu Walipa Ada wa Kaunti

Leseni za biashara za kaunti hulipiwa kila mwaka, na wafanyabiashara wengi hulipa kati ya Januari na Machi. Ni miezi ambayo mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Maua, mwenye saluni Runyenjes na mwenye kibanda cha nguo katika soko la Gakoromone wote wanatarajia ujumbe wa serikali kwenye simu. Matapeli wanaijua ratiba hiyo vizuri kama maafisa wa ushuru.

Chukulia ujumbe umeingia ukisema leseni imekwisha na faini inaanza Ijumaa. Chini yake kuna kiungo hiki:

https://leseni.mfano.go.ke/ingia?rudi=https://mlaghai.example

Majina hayo mawili ni ya kubuni, lakini umbo la kiungo ni la kweli. Mwenye duka amefundishwa kwenye baraza na redioni kwamba kabla ya kubonyeza aangalie kama anwani inaishia na go.ke, herufi ambazo hutengewa taasisi za serikali ya Kenya. Anaangalia, anaiona. Anaona pia ile alama ya kufuli. Anabonyeza, na kwa muda mfupi sana simu inafika kweli kwenye seva ya serikali. Kisha seva hiyo yenyewe inampeleka kwingine, kwenye ukurasa wenye nembo ya kaunti, rangi zilezile, na visanduku vya kuandika namba ya kitambulisho, nenosiri na namba ya siri ya M-Pesa.

Mwananchi huyo hakupuuza ushauri wowote aliopewa. Kosa liko kwenye tovuti iliyokubali kumsindikiza hadi kwa mwizi. Wataalamu wa usalama wa mitandao huita kasoro hii uelekezaji ulio wazi, na katika orodha ya kimataifa ya udhaifu wa programu imepewa namba CWE-601.

Kwa nini tovuti huelekeza

Kuelekeza si jambo baya. Kila anayetumia eCitizen ameshaelekezwa mara nyingi bila kujua. Anaanza kwenye ukurasa wa huduma anayoitaka, anapelekwa accounts.ecitizen.go.ke kuingiza nenosiri, kisha anarudishwa kwenye huduma ileile. Ili mfumo wowote wa aina hii ukumbuke mtu alitoka wapi, kwa kawaida huiweka anwani ya kurudi ndani ya kiungo chenyewe, baada ya alama ya kuuliza. Katika mfano wetu ni ile sehemu inayoanza na neno "rudi".

Kivinjari kinapoomba ukurasa, seva hujibu kwa namba. Namba 200 ina maana kwamba ukurasa ndio huu. Namba 302 ina maana kwamba kinachotafutwa kiko mahali pengine kwa sasa, na jibu hilo huja na mstari unaoitwa Location wenye anwani ya kwenda. Kivinjari hakimuulizi mwenye simu kitu, kinakwenda. Kazi yote humalizika kabla ya jicho kutambua kwamba kulikuwa na vituo viwili.

Mlinzi wa lango la ofisi za kaunti hutoa mfano mzuri. Mgeni anafika na kikaratasi kilichoandikwa "nipeleke ofisi ya ardhi", na mlinzi anamwonyesha. Sasa chukulia mlinzi ameambiwa asome tu kilichoandikwa na amsindikize mgeni huko, hata kikiwa kimeandikwa jina la chumba fulani cha kukodi nyuma ya stendi. Mgeni atamfuata bila wasiwasi, kwa sababu anayemwongoza amevaa sare ya kaunti. Aliyeandika kikaratasi ndiye mwenye kufaidika, na sare ndiyo aliyoihitaji.

Tapeli hahitaji kuvunja chochote ili kuitumia kasoro hii. Haibi nenosiri la msimamizi wala habadilishi ukurasa wa kaunti. Hapo ndipo inapotofautiana na tukio la Januari 2012, ambapo mvamizi wa Indonesia aliyejiita Direxer alichafua kurasa za tovuti 103 za serikali ya Kenya. Tukio lile lilionekana na kila mtu siku hiyohiyo na likaandikwa magazetini. Uelekezaji ulio wazi hauachi uchafu wowote. Afisa akifungua tovuti yake asubuhi ataiona safi kabisa, huku mamia ya viungo vyenye jina lake vikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp.

Yaliyotokea kwingine

Oktoba 2012 kampuni ya usalama ya Symantec ilieleza jinsi watuma barua taka walivyotumia tovuti ya idara ya kazi ya jimbo la Vermont, Marekani. Tovuti hiyo ilikuwa na ukurasa uliopokea anwani yoyote na kumpeleka mtu huko. Serikali ya Marekani ilikuwa pia na huduma ya kufupisha viungo, 1.usa.gov, ambayo ilifupisha anwani za serikali tu, na watu waliamini kwamba kila kiungo cha aina hiyo kiliishia serikalini. Walaghai waliunganisha mambo hayo mawili. Walichukua anwani ya Vermont, wakapachika tovuti yao mwishoni, wakaifupisha, wakaisambaza. Katika wiki moja viungo hivyo vilibonyezwa zaidi ya mara 43,000, na waliobonyeza walifikishwa kwenye kurasa za habari bandia zilizotangaza kazi za kufanyia nyumbani.

Machi 2020, wakati ulimwengu wote ukitafuta habari za korona, ukurasa wa aina hiyo uligunduliwa kwenye tovuti ya wizara ya afya ya nchi hiyohiyo. Barua pepe zilizojifanya kueleza dalili za ugonjwa zilibeba kiungo cha wizara. Mwisho wake ulikuwa programu ya kuiba manenosiri iitwayo Raccoon.

Wapo wataalamu wanaoiona kasoro hii kuwa ndogo. Google, katika mpango wake wa kuwatuza wanaoripoti udhaifu, kwa kawaida hailipi chochote kwa uelekezaji ulio wazi peke yake. Hoja yake ni kwamba mtu anapaswa kuangalia anwani iliyo juu ya kivinjari baada ya ukurasa kufunguka, si ile iliyo kwenye kiungo. Shirika la OWASP, ambalo huchapisha orodha ya hatari kumi kubwa za tovuti, liliipa kasoro hii nafasi yake la kumi mwaka 2013, na katika orodha ya 2017 ikaondolewa.

Hoja hiyo ina uzito kwa mtu aliyekaa mbele ya kompyuta yenye kioo kipana. Kwenye simu ndogo, anwani ndefu hukatwa, na vivinjari vingine huificha kabisa mtu anapoteremsha ukurasa. Isitoshe, wananchi hawa wamefundishwa kwa miaka kwamba go.ke ndiyo alama ya kuaminika. Serikali ikishawafundisha watu kuamini jina lake, haiwezi kusema kwamba matumizi mabaya ya jina hilo ni jambo dogo. Na kuna hatari nyingine ambayo mwananchi haioni hata akiwa na macho makali: pale ambapo mfumo wa kuingia hupitisha kibali cha muda ndani ya kiungo cha kurudi, uelekezaji ulio wazi unaweza kukipeleka kibali hicho kwa mgeni, akaingia kwenye akaunti bila kuomba nenosiri.

Mikwaju miwili

Maafisa wengi wa TEHAMA wakisikia haya husema mfumo wao hukagua. Swali ni jinsi unavyokagua, kwa sababu ukaguzi mwingi huandikwa kwa haraka na huvunjika kirahisi.

Kuna mfumo unaouliza kama anwani ya kurudi ina maneno mfano.go.ke ndani yake. Tapeli hufungua tovuti yenye jina mfano.go.ke.mlaghai.example, na maneno yamo. Mwingine huuliza kama inaanza na https://mfano.go.ke. Hapo huandikwa https://mfano.go.ke@mlaghai.example, ambapo kivinjari huchukua kila kilicho kabla ya alama ya @ kuwa jina la mtumiaji, na huenda kwa mlaghai.

Ukaguzi unaopendwa zaidi ni wa mkwaju. Mwandishi wa programu husema: anwani ikianza na mkwaju mmoja, basi ni ukurasa wa humuhumu ndani ya tovuti, kwa mfano /leseni. Ni kweli, mpaka mtu aandike mikwaju miwili. Kwa kanuni za anwani za intaneti, //mlaghai.example si ukurasa wa ndani hata kidogo. Ni jina la tovuti nyingine, isipokuwa tu kwamba neno https limeachwa likaziwe na kivinjari. Na anayezuia mikwaju miwili akidhani amemaliza, akumbuke kwamba vivinjari huuchukulia mkwaju uliolala kinyume kama mkwaju wa kawaida, hivyo /\mlaghai.example nayo hufika kulekule.

Mikwaju hiyo imewaangusha hata waandishi wa programu zinazoendesha sehemu kubwa ya tovuti duniani, na hapa hakuna haja ya neno "rudi" wala alama ya kuuliza. Seva nyingi zina adabu ndogo ya kusahihisha anwani: ukiomba /leseni na anwani kamili ni /leseni/, seva hujibu kwa kukuelekeza kwenye ile yenye mkwaju mwishoni. Sasa mtu aombe https://mfano.go.ke//mlaghai.example. Seva isiyo makini huchukua sehemu iliyo baada ya jina lake, huongeza mkwaju mwishoni, na kurudisha //mlaghai.example/ kwenye mstari wa Location. Imejaribu kurekebisha kosa dogo la uandishi, na imempeleka mwananchi kwa mwizi.

Django, mfumo maarufu wa kujengea tovuti, ulikutwa na kasoro ya namna hiyo na kurekebishwa Agosti 2018 katika matoleo 1.11.15 na 2.0.8. Mwaka huohuo ikawa zamu ya Tomcat, ambayo huendesha mifumo mingi iliyoandikwa kwa lugha ya Java. Marekebisho yalikuja na matoleo 7.0.91, 8.5.34 na 9.0.12. Seva ya Apache ilikuwa na yake katika sehemu ya kuandika upya anwani, iliyoguswa na herufi za mstari mpya zilizofichwa ndani ya kiungo. Ilirekebishwa mwaka 2019 katika toleo la 2.4.41. Haikutosha: mwaka 2020 ilibidi yatolewe marekebisho mengine kuziba kilichobaki. Kaunti inayotumia seva iliyowekwa miaka hiyo na mkandarasi ambaye mkataba wake ulikwisha, na ambayo haijaguswa tangu hapo, haina sababu ya kudhani kwamba iko salama.

Kazi ya mwenye tovuti

Dawa iliyo bora ni kutokipokea kikaratasi kabisa. Mfumo wa leseni unajua kurasa zake; ni chache. Badala ya kubeba anwani nzima, kiungo kinaweza kubeba neno moja tu, kama rudi=leseni au rudi=ardhi, na seva ikawa na orodha yake ya ndani inayosema kila neno linakwenda wapi. Neno lisilo kwenye orodha hurudisha mtu kwenye ukurasa wa kwanza. Hakuna cha kukagua kwa sababu hakuna anwani iliyotoka nje.

Pale ambapo haiwezekani, kwa mfano mfumo unaorudisha watu kwenye benki au kwenye kampuni ya malipo, seva ichambue anwani kwanza, itoe jina la tovuti peke yake, ilinganishe jina hilo lote na orodha ya majina yaliyokubaliwa, herufi kwa herufi. Kutafuta maneno ndani ya maneno kusitumike. Tovuti zinazolazimika kuelekeza popote, kama zile zenye orodha ya viungo vya nje, ziweke ukurasa wa katikati unaomwambia mtu kwamba anaondoka kwenye tovuti ya kaunti, utaje jina la anakokwenda, na usubiri abonyeze mwenyewe.

Kujaribu mfumo wa ofisi yako mwenyewe hakuhitaji mtaalamu kutoka Nairobi. Afisa huandika mwishoni mwa kiungo cha kuingia anwani ya tovuti nyingine isiyo na madhara, kama vile example.com, ambayo imetengwa kimataifa kwa ajili ya mifano, kisha huangalia anaishia wapi. Arudie kwa mikwaju miwili, kwa alama ya @, kwa mkwaju uliolala kinyume. Asikague kabla ya kuingia tu. Ukurasa wa kutoka na ukurasa wa kubadilisha lugha husahaulika mara nyingi, na huwa na kasoro ileile. Jaribio hilo lifanywe kwenye mfumo wa ofisi husika na kwa idhini, kwa sababu kuchokoa mifumo ya wengine kunaweza kumtia mtu matatani chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018.

Sharti hilo liandikwe kwenye zabuni pia. Mkandarasi anayekabidhi mfumo wa ushuru aoneshe matokeo ya majaribio haya kabla ya kulipwa awamu ya mwisho, na mkataba useme nani atasasisha seva baada ya mwaka wa kwanza. Ni rahisi kudai hayo kabla ya hundi kutoka kuliko baada yake.

Sheria hiyo ya 2018, katika kifungu cha 30, ilimlenga tapeli mwenyewe: anayeunda tovuti au kutuma ujumbe kwa nia ya kumfanya mtu atoe taarifa zake kwa jambo lisilo halali alitajiwa faini isiyozidi shilingi 300,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Mwenye tovuti ana mzigo wake chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Taarifa za wananchi zinazoshikiliwa na ofisi zikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya kweli kwao, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu ofisi ilipotambua.

Wakati huohuo, kwenye simu

Marekebisho huchukua muda, na ujumbe wa matapeli hausubiri. Njia ya hakika kwa mlipa ada ni kuacha kiungo kilichotumwa na kuandika anwani ya kaunti mwenyewe, iwe meru.go.ke au embu.go.ke, kisha kutafuta huduma kutokea hapo. Asiye na simu ya intaneti hapotezi kitu. Ofisi za ushuru za kaunti zipo, na kwenda kuuliza ni bure.

Aliyekwisha kubonyeza asubiri ukurasa umalize kufunguka ndipo asome anwani iliyo juu. Baada ya https:// aende hadi mkwaju wa kwanza unaofuata na asimame hapo. Maneno yaliyo kabla tu ya mkwaju huo ndiyo yenye kusema mwenye tovuti ni nani. Yakiwa embu.go.ke, sawa. Yakiwa embu.go.ke.kitu-kingine.com, huo ni ukurasa wa kitu-kingine.com, hata kama nembo ya kaunti imejaa kioo. Kufuli haisaidii hapa, kwani inathibitisha tu kwamba mazungumzo kati ya simu na tovuti hayasikilizwi na wengine, na tapeli naye hupata kufuli bila malipo.

Namba ya siri ya M-Pesa haiandikwi kwenye ukurasa wowote wa tovuti. Malipo halali humletea mteja dirisha dogo kutoka kwa mtandao wa simu, likitaja kiasi na jina la anayelipwa, na namba ya siri huwekwa humo tu baada ya kulisoma jina. Malipo ya huduma za serikali kuu kupitia eCitizen huenda kwa namba 222222. Namba ya kaunti ithibitishwe ofisini au kwenye tovuti iliyofunguliwa kwa mkono, kamwe si kutoka kwenye ujumbe uleule unaodai pesa.

Aliyeandika nenosiri kwenye ukurasa anaoutilia shaka alibadilishe mara moja, pamoja na kila mahali pengine alipolitumia, na kama alitoa namba ya siri apigie kampuni yake ya simu kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote. Mteja wa Safaricom anaweza kusambaza ujumbe wa kitapeli kwa namba 333. Taarifa kuhusu tovuti yenyewe zipelekwe kwa idara ya TEHAMA ya kaunti, na kwa kituo cha kitaifa cha kushughulikia matukio ya mitandao, KE-CIRT/CC, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Anayeripoti anakili kiungo chote, mwanzo hadi mwisho, na kukibandika kwenye ripoti kama maandishi. Picha ya kioo cha simu mara nyingi huonyesha nusu ya kwanza tu, ile yenye jina la serikali, na anayetafutwa yuko kwenye nusu ya pili.